Kituo cha mtaa cha kusoma chipu za mbwa na paka: mwongozo kwa wakazi wa Tanga

Mbwa akiokotwa Sahare na kwao ni Nguvumali, hawezi kujieleza. Kola imekatika, picha yake haijafika kwenye kundi lolote la WhatsApp, na aliyemwokota hajui aanzie wapi. Kama mbwa huyo ana chipu chini ya ngozi, jibu lipo, ila halionekani kwa macho: linahitaji skana. Kazi ya kituo cha mtaa ni kuisogeza skana karibu na watu, ili aliyeokota mnyama Ijumaa jioni asingoje daktari wa mifugo afungue Jumatatu.

Wanaotaka kuanzisha kituo huanza kwa kuchangisha hela za skana, na wakishainunua huona kazi imekwisha. Hapo ndipo vituo vingi hufia. Skana hutoa namba tu. Kinachomrudisha mnyama nyumbani ni daftari lenye simu inayopokelewa, na ndiyo maana mwongozo huu unalitengea daftari sehemu yake.

Chipu ni nini, na si nini

Ni kijichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, sawa na punje ya mchele. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na kipande kidogo cha kielektroniki kilichoandikwa namba moja. Haina betri. Skana ikisogezwa hutoa mawimbi yanayoipa chipu nguvu ya kujibu kwa namba yake, basi. Haioneshi mnyama yuko wapi, na haina jina la mwenyewe wala kumbukumbu ya chanjo. Kifaa cha kumfuatilia mnyama kwenye simu ni kitu kingine kabisa: huvaliwa shingoni, kina betri na mara nyingi kina laini yake.

Tanga mbwa wengi hawana chipu. Wenye nayo kwa kawaida ni waliokuja na wenyewe kutoka nje, au wanaoandaliwa kusafiri. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, la sivyo chanjo haihesabiwi. Kwa hiyo kituo kitakachongoja wenye chipu tu kitakaa bure. Kipange tangu mwanzo kihudumie na wasio nayo.

Kununua skana

Neno la kutafuta kwenye maelezo ya bidhaa ni ISO 11784 na ISO 11785, masafa ya kilohezi 134.2, aina ya FDX-B. Hiyo husoma chipu za tarakimu 15, ambazo ndizo nyingi duniani leo. Zipo pia chipu za zamani, hasa za Marekani, zinazotumia kilohezi 125 na zenye tarakimu au herufi 9 au 10. Skana ya bei ndogo hupita juu yake kimya, nawe ukaandika "hana chipu" kumbe anayo. Kama fedha zinaruhusu, nunua moja inayosoma masafa yote mawili iwe ya kituo kikuu, na za bei ndogo ziende kwenye vituo vidogo. Mnyama anayeonekana ametoka mbali na hajasomeka, mpeleke kwenye ile kubwa.

Kabla ya kulipa, kagua mambo haya:

- Umbali wa kusoma. Nyingi za mkononi husoma kwa sentimita 5 hadi 15. Chini ya hapo utachoka, na mbwa atachoka kabla yako.
- Kioo kinachosomeka juani. Vingine vikiwa nje saa 7 mchana huonekana vyeusi tu.
- Betri. Ya kuchaji kwa waya wa simu ni nafuu kwa kila namna. Inayotumia betri za kawaida ni sawa pia, ila zitolewe kifaa kikikaa muda mrefu, maana zikivuja huharibu vyuma vya ndani.
- Kama hutunza kumbukumbu za namba zilizosomwa. Inafaa, si lazima.

Agiza na chipu ya majaribio. Skana nyingine huja nayo. Kama haipo, mwombe daktari wa mifugo moja iliyoharibika sindano yake.

Mahali

Nchi nyingine huweka skana ndani ya sanduku barabarani, saa 24, yeyote anajihudumia. Kwetu sanduku hilo halitamaliza wiki. Tafuta mahali penye mtu muda wote: duka la dawa za mifugo, ofisi ya kata kwa saa za kazi, kibanda cha mlinzi wa usiku, au sheli. Ukichagua sheli, skana ikae na itumike upande wa ofisi, mbali na pampu, na meneja akubali kwa maandishi.

Anza na sehemu tatu zilizo mbalimbali badala ya kumi zilizorundikana. Mfano unaofanya kazi ni moja Ngamiani katikati, moja upande wa Chumbageni na Raskazone, moja upande wa Kange au Pongwe. Hakikisha bajaji inafika na pana kivuli.

Jambo moja halipaswi kuachwa mpaka lilete maneno: wakazi wengi wa mji ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Usiweke kituo karibu na mlango wa msikiti wala palipo na mabomba ya kutawadhia. Mhudumu asiyetaka kumgusa mbwa asilazimishwe, na hakuna haja, kwa sababu aliyemleta ndiye hushika kamba. Ifunge skana kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula na uitupe baada ya kila mnyama. Mawimbi hupita kwenye plastiki bila shida, na ugonjwa wa ngozi wa mbwa mmoja hauhamii kwa mwingine.

Sanduku na chumvi ya bahari

Hewa ya Tanga hula vyuma. Sanduku liwe la plastiki ngumu lenye kifuniko cha mpira kinachobana, bawaba na skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu, kufuli la shaba. Ndani weka vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vibadilishe kila mwezi, na wakati wa masika kila baada ya wiki mbili. Sanduku lisipigiliwe chini ya bati lisilo na dari, kwa kuwa joto la mchana hapo hufupisha maisha ya betri na kupotosha kioo.

Ndani ya sanduku: skana, waya wa kuchaji, kamba mbili za mbwa, kitambaa kirefu cha kufungia mdomo, glovu, sabuni, kalamu mbili, daftari, na karatasi ya maelekezo iliyofunikwa plastiki. Tenga la kuku likae pembeni, kazi yake tutaiona kwenye kumsoma paka.

Jaribio la kila asubuhi

Washa skana, isogeze kwenye chipu ya majaribio, namba itokee. Isipotokea, chaji kwanza, maana betri dhaifu hupunguza umbali wa kusoma kabla haijazima kifaa, na mhudumu hudhani kila kitu kiko sawa kwa kuwa taa inawaka. Kisha futa vyuma vya betri kwa spiriti.

Chipu ya majaribio itundikwe kwa uzi ukutani, angalau mita moja kutoka mahali pa kusomea. Ikiachwa mezani au mfukoni mwa mhudumu, kila mbwa wa siku hiyo "atasomeka" kwa namba ileile. Andika namba hiyo kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari ili yeyote aitambue.

Kumsoma mnyama

Kwanza mtazame kwa mbali. Anayetokwa mate mengi, anayeyumba, anayeng'ata hewa au vitu bila sababu, au mnyama aliyekuwa mkali akawa mpole ghafla, hasomwi. Mwache, ondoa watoto, piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa au paka yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, iwe Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufaa kabla dalili hazijaanza. Zikianza, hakuna dawa.

Akiwa salama, endelea hivi:

1. Mtoe kwenye chuma. Meza ya bati, geti, nondo na kizimba cha waya huvuruga mawimbi. Msimamishe kwenye sakafu ya saruji au ardhini. Vua kola yenye chuma. Weka simu na chaja mbali, kama mita moja.

2. Aliyemleta ashike kamba, asimame upande wa kichwa. Kama mdomo unafungwa, funga kwa muda mfupi tu. Mbwa hupoa kwa kuhema, na kwa joto la hapa dakika chache zinatosha kumletea shida.

3. Washa skana ukiwa umeilaza, uso wake sambamba na mgongo, ikigusa manyoya. Bonyeza na uendelee kushikilia.

4. Anzia katikati ya mabega. Kaa hapo sekunde kadhaa, ukiigeuza kidogo kushoto na kulia. Koili ya chipu ikiwa imelala vibaya mbele ya antena haijibu, lakini ukigeuza mkono kidogo hujibu.

5. Shuka kwa mwendo wa nyoka, kushoto kulia, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwendo usizidi sentimita 15 kwa sekunde. Kosa kubwa la wahudumu wapya ni haraka. Wanapitisha skana kana kwamba wanapiga pasi.

6. Rudia kwa urefu, kutoka kichwani kwenda mkiani.

7. Soma upande wa kushoto wa shingo, ambako nchi nyingi za bara la Ulaya huweka chipu. Kisha mabega yote mawili, kifua, na chini hadi viwiko. Chipu huweza kuhama chini ya ngozi.

8. Namba ikitokea, usiache. Maliza mwili mzima, kwa sababu wapo wanyama wenye chipu mbili, ya zamani na ya baadaye. Zikikaribiana sana huweza kuzuiana zisisomeke zote, badilisha pembe.

9. Isipotokea, mpumzishe, kisha rudia yote. "Hana chipu" huandikwa baada ya mizunguko mitatu, si mmoja.

Paka ni habari nyingine. Usimtoe. Mwache ndani ya tenga la kuku au kapu la ukili na usome kutoka nje, upande huu na upande ule, hata chini. Fito na ukili havizuii mawimbi, na hutaparuliwa. Aliyeletwa kwenye kizimba cha waya mhamishe kwanza, mlango umefungwa.

Kuisoma namba

Piga picha kioo cha skana. Kisha namba iandikwe kwa mkono kwa mafungu ya tatutatu, na mtu wa pili aisome kwa sauti kutoka kwenye picha. Tarakimu moja ikikosewa, umempeleka mnyama kwa mtu mwingine au kwa hakuna.

Tarakimu tatu za kwanza zinaeleza asili. Zikianzia chini ya 900 ni nchi: 834 Tanzania, 404 Kenya, 800 Uganda, 710 Afrika Kusini, 826 Uingereza, 276 Ujerumani. Zikianzia 900 hadi 998 ni mtengenezaji, kwa mfano 981 ni Datamars, 985 ni Destron Fearing, 977 ni Avid. Namba ya mtengenezaji haisemi mnyama anatoka wapi, maana chipu ya kampuni moja huuzwa pembe zote za dunia. 999 ni chipu ya majaribio. Usishangae pia ukisogea karibu na ng'ombe mwenye hereni ya kielektroniki na skana ikalia. Nyingi hutumia masafa hayohayo.

Ukihamishia namba kwenye jedwali la kompyuta, fanya safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Excel ikiachiwa hugeuza tarakimu 15 kuwa kitu kama 9.81E+14, na sifuri ya mwanzo hupotea kabisa. Namba ya Ubelgiji huanza na 056.

Mpangilio wa kutafuta ni huu: daftari lenu kwanza, kisha madaktari wa mifugo wa mjini, kisha intaneti. Kwa chipu za Ulaya kuna Europetnet, na kwa za Marekani kuna ukurasa wa kutafutia wa AAHA, chama cha hospitali za wanyama. Kurasa hizi hazitoi jina la mwenyewe, hutaja ni sajili gani inayoishika namba. Unaiandikia sajili hiyo, nayo humtafuta mteja wake. Namba isipopatikana kokote, haina maana kwamba haina mwenyewe. Mara nyingi chipu iliwekwa na hakuna aliyejaza fomu.

Daftari

Kila mnyama wa mtaa awe na ukurasa, mwenye chipu na asiye nayo: namba ya chipu kama ipo, picha mbili (uso na ubavu), jinsia, rangi, alama ya pekee, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, jina la mwenyewe, mtaa na kitu cha kutambulisha nyumba. Ngamiani barabara zina namba, lakini "barabara ya 8" bado ni ndefu. Andika "mkabala na duka la mkaa".

Simu ziwe mbili, na ya pili isiwe ya mtu huyohuyo. Hapa ndipo mambo huharibika. Watu hubadilisha laini, simu hupotea, na mwenye mbwa huhamia Muheza bila kuaga. Mkae mara mbili kwa mwaka na mpigie kila namba. Wakati mzuri ni wa kampeni ya chanjo, hasa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Wanyama wako foleni na wenyewe wapo, kwa hiyo unasoma chipu, unahakikisha simu na kuchukua picha mpya kwa mkupuo mmoja. Zungumza na afisa mifugo wa kata mapema akupe meza pembeni ya ile ya chanjo.

Daftari lina taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo ni vyema daftari kuu likae chini ya kliniki au ofisi, si kwenye simu ya kijana mmoja mwenye moyo. Mwenye mnyama asaini kwamba amekubali. Mhudumu wa kituo hampi aliyeokota simu ya mwenyewe, anampigia mwenyewe.

Kuweka chipu si kazi ya kituo. Ni ya daktari wa mifugo, kwa sindano safi ya matumizi ya mara moja, na huisoma mara tatu: mnyama kabla, chipu ikiwa kwenye pakiti, na mnyama baada ya kuwekwa.

Asiye na chipu

Wengi watakuwa hawa, na wengi wao hawajapotea. Mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku na asubuhi hujirudia mwenyewe. Paka wa soko la samaki ana nyumba tatu. Kabla hujamfungia mtu mbwa wake, mfunge shingoni utepe wenye karatasi iliyofunikwa plastiki: "Mimi ni wa nani? Piga namba hii", ya kituo. Mwachie alikookotwa kama ana afya na si barabara kuu. Asipopigiwa simu siku mbili na bado anazurura, ndiyo aanze kutafutiwa mwenyewe.

Pita kwenye vijiwe vya bodaboda kwanza. Hao wanajua mbwa wa kila geti. Kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha makundi ya WhatsApp kwa maneno mafupi:

"AMEPATIKANA. Mbwa dume, kahawia, masikio yamesimama. Mikanjuni, Jumanne saa 12 jioni. Yuko salama. Ukimtambua piga namba ya kituo, uwe tayari kutaja alama yake moja."

Namba ya chipu haiandikwi kwenye tangazo, na alama moja hufichwa, katika picha pia. Mbwa mzuri hupata wenyewe wengi.

Kumkabidhi

Anayedai alete picha ya zamani, au kadi ya chanjo, au ataje ile alama iliyofichwa. Mwenye chipu asomwe tena mbele yake, namba ilingane na ya daftari. Wakijitokeza wawili na kila mmoja ana picha, kituo hakiamui. Mnyama abaki kwa aliyemwokota na shauri liende kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiruhusu zawadi iwe sharti. Aliyeokota akidai elfu hamsini ndipo amtoe, watu watajifunza kuokota mbwa wasiopotea.

Kabla mwenyewe hajaondoka na mnyama, sahihisha simu zake kwenye daftari pale pale, asaini, na uandike tarehe. Kisha rudi kwenye kila kundi ulikotangaza. Kufuta hakutoshi kwa kuwa tangazo limeshasambazwa. Jibu chini yake "AMERUDI KWAO", na picha ileile iliyoandikwa hivyo juu, ndiyo isambazwe.